Sura ya Tano: Samaki Hufuata Zamu ya Maji

Siku ya msaragambo, lango la banio hushushwa alfajiri. Watu wanapofika mferejini na majembe, makoleo na mapanga yao, maji yameshapungua hadi kwenye vifundo vya miguu. Kufikia saa tatu asubuhi, mfereji uliokuwa ukienda mbio jana umebaki ukanda wa tope wenye madimbwi hapa na pale. Hapo ndipo kelele huanza. Mtu aliyekuwa akikwangua magugu mbele ya kalavati anaruka kando. Tope linajikunja, linapiga mkia, kisha linatulia. "Kambare!" Majembe yanaachwa ukingoni, suruali zinakunjwa, na watoto waliotumwa kuleta maji ya kunywa wanasahau ndoo zao.

Nilijifunza kuvua siku kama hiyo, nikiwa mtoto, nyuma ya mzee mmoja jirani yetu ambaye hakuwa mtu wa haraka. Wenzake walikimbilia madimbwi makubwa wakagongana vichwa. Yeye alitembea ukingoni polepole akitazama tope, akasimama mahali ambapo palikuwa pakitoa viputo, kimoja kimoja, mbali na watu wote. Akaniita. "Mwanangu, usimtafute samaki. Tafuta mahali ambapo maji yamekataa kuondoka." Akainama, akaingiza mikono yote miwili chini ya jiwe la ukingo, akatoka na kambare mwenye urefu wa mkono wangu kuanzia kiwikoni.

Nimevua katika mito na maziwa tangu wakati huo, lakini sijapata somo lililo fupi na la kweli kama lile. Mtoni, maji huja na kuondoka kwa amri ya mvua. Mferejini, maji huja na kuondoka kwa mkono wa mtu: anayefungua lango, anayegawa zamu, anayekausha jaruba ili mpunga uvunwe. Samaki wa mferejini wameyapanga maisha yao kwa kufuata mkono huo. Anayetaka kuwavua lazima aijue ratiba ya maji kabla ya kujua ndoana.

Mto wenye mlango

Chukua mfano wa mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, kusini mwa mji wa Moshi, katika vijiji kama Mabogini na Chekereni. Mradi huo ulijengwa katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani, na hupata maji kutoka mito ya Njoro na Rau. Maji huzuiwa kwenye banio, yakaingia mfereji mkuu uliosakafiwa kwa zege, yakagawanyika kwenye mifereji midogo, yakafika kwenye majaruba. Yakishamaliza kazi shambani, hutoka kwa mitaro ya kutolea maji, ambayo mingi ni ya udongo mtupu, na kurudi bondeni. Skimu nyingi za mpunga Afrika Mashariki zimejengwa kwa mpango huohuo: njia ya kuleta maji, shamba, na njia ya kuyaondoa.

Samaki huingia kwa milango yote miwili. Wachanga, wenye ukubwa wa punje ya mchele, hupita kwenye nondo za banio pamoja na majani makavu bila mtu kuwaona. Wakubwa hupanda kutoka bondeni kupitia mitaro wakati wa masika, mafuriko yanapounganisha mto, mtaro na shamba kuwa maji mamoja. Ndiyo maana mkulima anaweza kuona samaki kwenye jaruba ambalo mwezi uliopita lilikuwa kavu lenye nyufa, akadhani wameanguka na mvua. Hawakuanguka. Walipanda usiku, maji yalipokuwa yakipita juu ya tuta.

Mfereji mkuu wa zege, pamoja na ukubwa wake, ni mahali maskini kwa samaki. Maji yake huenda kasi, kuta zake hazina tundu la kujificha, na sakafu yake haioti chochote cha maana. Samaki hupita humo kama abiria na kutafuta kituo. Vituo vyenyewe havibadiliki: shimo linalochimbwa na maji mahali yanapoporomoka kutoka ngazi moja kwenda nyingine, kivuli cha kalavati chini ya barabara, pembe iliyo nyuma ya lango, ambako maji huzunguka badala ya kwenda, na mahali mifereji miwili inapokutana. Ukishindwa kuona samaki, tazama povu. Povu linapokaa likizunguka bila kuondoka, chini yake kuna maji yaliyopumzika, na penye maji yaliyopumzika kuna chakula kilichozama.

Ghala la samaki, hata hivyo, ni mtaro wa kutolea maji. Wengi huudharau kwa sababu una magugu, matete na harufu ya tope. Lakini maji yake ni ya vuguvugu, yamepita shambani yakabeba wadudu, viluwiluwi na mbegu, na kingo zake za udongo zina mapango. Mtu akiniuliza pa kuanzia kuvua katika skimu asiyoijua, humwambia aanze mwisho wa mashamba, maji yanakotokea.

Kalenda ya skimu ndiyo kalenda ya mvuvi. Wakati wa kuandaa mashamba na kupandikiza miche, maji hujaa kila mahali na samaki hutawanyika. Ndoana hukaa muda mrefu bila kuguswa. Mpunga ukishasimama, zamu za maji huanza kuwa na mpangilio, na kila lango linapofungwa samaki hurudi kwenye vituo vyao. Kisha, karibu wiki mbili kabla ya mavuno, majaruba hukaushwa. Hapo kila kiumbe kilichonenepa shambani kwa miezi mitatu hushuka kuelekea mtaroni kwa siku chache tu. Mkulima aliyejiandaa kwa siku hizo huvuna mara mbili.

Wenyeji wa mferejini

Mwenyeji mkuu ni kambare. Hana magamba, kichwa chake ni kipana na kigumu kama ubao, na pembeni mwa mdomo ana sharubu nane anazopapasia chakula gizani. Siri ya kuweza kwake kuishi mferejini iko juu ya matamvua: chumba chenye kiungo chekundu chenye matawi kama koliflawa, kinachofyonza hewa ya kawaida. Maji yakiharibika au yakipungua, kambare hupanda juu, huvuta hewa, na kuzama tena. Akikaa penye unyevu anaweza kuishi saa nyingi nje ya maji, na usiku wa mvua hujiburuza kwenye nyasi zilizolowa kutoka dimbwi moja hadi jingine. Viputo alivyoviona yule mzee vilitoka kwake.

Kambare huzaa maji yanapopanda. Mvua za kwanza kubwa zikifurisha nyasi za ukingoni, dume na jike huingia kwenye maji ya kina kifupi usiku, na mayai hunata kwenye majani. Maji yakiwa na joto, mayai huanguliwa ndani ya siku moja au moja na nusu. Wazazi hawangoji, wanarudi kwenye maji marefu na kuwaacha watoto wajitafutie. Watoto hao hula wadudu, hula mayai ya vyura, na wakikosa hulana wenyewe kwa wenyewe. Wachache wanaobaki hukua haraka.

Perege ni kinyume chake kabisa. Yeye hupenda mchana, jua na maji yanayoonekana. Dume huchimba kiota cha duara kwenye sakafu ya tope, kama sahani, na hukilinda kwa kuwafukuza wengine. Jike wa aina nyingi za perege wetu hutaga hapo, kisha huyaokota mayai na kuyahifadhi mdomoni mwake mpaka yaanguliwe, na hata baada ya hapo watoto wakiogopa hukimbilia mdomoni kwa mama. Siku zote hizo jike hali, au hula kidogo mno. Ukiona perege mwenye kidevu kilichovimba amesimama palepale bila kujali chambo chako, usifikiri ndoana yako ni mbaya. Ana watoto mdomoni, mwache.

Watu hulalamika kwamba perege wa mferejini ni wadogo, wa kiganja tu. Udogo huo una sababu. Perege akiishi kwenye maji finyu yenye msongamano huanza kuzaa mapema akiwa bado mdogo, na chakula chake huenda kwenye mayai badala ya kwenda kwenye mwili. Kuwapunguza kwa kuvua wakubwa kwa wadogo kwa kiasi kunaweza kuwasaidia wanaobaki kunenepa. Kambare wachache katika maji hayohayo hufanya kazi hiyo pia, kwa kula watoto wa perege.

Ukienda kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, katika tambarare ya Kano karibu na Kisumu, utakutana na mwenyeji wa tatu, kamongo. Huyu ana mapafu mawili kamili, na asipopanda kuvuta hewa atakufa majini kama mtu. Kiangazi kikikausha mtaro, huchimba shimo kwenye tope, hujikunja, na ute wake hukauka kumzunguka ukawa gamba. Hukaa hivyo kwa miezi mingi mpaka maji yarudi. Mchimba mfereji anaweza kumfukua akiwa hai kwenye udongo uliokauka. Awe mwangalifu: meno ya kamongo ni mabamba makali yaliyozoea kusaga konokono, na kidole si kigumu kuliko konokono.

Mara chache, kwenye mifereji ya mito inayoingia Bahari ya Hindi kama Pangani na Tana, hupatikana mkunga wa mtoni, mrefu na mtelezi kama nyoka. Samaki huyo alizaliwa baharini, mbali sana na pwani, akaletwa na mikondo akiwa mdogo mwenye mwili angavu kama kioo, kisha akaupanda mto. Atakaa katika maji baridi kwa miaka mingi, halafu atarudi baharini kuzaa mara moja tu na kufa. Mimi nikimpata humrudisha mtoni, chini ya banio, kwa sababu mfereji hauna njia ya kumfikisha anakokwenda.

Ndoana, mgono na kimia

Kwa perege, beba ufito mwepesi, mshipi mwembamba, boya dogo la kipande cha bua, na ndoana isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Chambo chake ni kipande cha nyungunyungu au kidonge cha ugali uliokandwa ukawa mgumu kama ulimbo. Keti, usisimame, na jua likuelekee usoni, ili kivuli chako kilale nyuma yako na si juu ya maji. Perege hamezi kwa pupa. Hunyonya, hutema, hunyonya tena. Boya likitikisika subiri, likianza kutembea inua mkono kwa upole. Mfereji ni mwembamba, kwa hiyo nyayo zako husikika hadi ng'ambo. Ukipiga ukingo kwa mguu, hesabu umewafukuza wote kwa nusu saa.

Kwa kambare, ngoja jioni. Weka ndoana kubwa zaidi, mshipi mnene na chubwi la kuzamisha chambo hadi sakafuni, kwa sababu yeye hula chini. Chambo chenye harufu ndicho chake: utumbo wa kuku, ini, fungu la nyungunyungu, wapo wanaotumia kipande cha sabuni ya mche na wanarudi na samaki. Tupa pembeni mwa maporomoko, pale povu linapozunguka, uache maji yakusambazie harufu. Akishika, usimpe nafasi ya kurudi pangoni kwake, maana akishaingia humtoi. Na ukimtoa, mshike nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba miwili ya mapezi ya ubavuni. Miiba hiyo husimama kama misumari anapokasirika, na jeraha lake huuma siku nzima.

Chombo ninachokipenda kuliko vyote ni mgono. Husukwa kwa fito, matete au mianzi, mrefu kama pipa lililokonda, na mdomo wake umeingizwa ndani kwa vijiti vilivyochongoka: kuingia ni rahisi, kutoka ni kujichoma. Hauhitaji mtu kuushika wala kuukesha. Unahitaji kujua jambo moja tu, nalo ni mwelekeo wa samaki usiku huo. Lango likifunguliwa na maji mapya yakishuka, kambare hupanda kuyafuata. Basi mdomo wa mgono uelekee chini, maji yanakokwenda. Majaruba yanapokaushwa, samaki hushuka na maji. Basi mdomo uelekee juu, maji yanakotoka. Nimewaona watu wakitega migono mitano usiku mzima wakapata majani, na jirani yao akatega mmoja akajaza ndoo, kwa tofauti hiyo tu ya mdomo kutazama huku au kule.

Tega karibu na ukingo na siyo katikati, na uufunge kwa kamba kwenye kigingi. Usiuzamishe wote. Sehemu ya mgongo wake ibaki juu ya maji, ili kambare aliyenaswa aweze kupanda na kuvuta hewa. Maji ya mtaro yakiwa mazito, aliyefungiwa chini atakufa kabla hujaamka, na samaki aliyekufa usiku wa joto si wa kuliwa asubuhi. Kabla ya yote, zungumza na mgawa maji. Mgono unaoachwa mahali pembamba hukusanya magugu, magugu huziba njia, maji hupanda na kupasua tuta la mtu. Samaki watatu hawalipi jaruba la jirani lililokosa zamu yake.

Kimia, wavu wa kurusha wenye risasi za kuzamisha ukingoni, hufaa pale tu mfereji unapopanuka: kwenye bwawa dogo la kutuliza maji au mahali mtaro unapoingia mtoni. Ndani ya mfereji mwembamba hunasa matete kuliko samaki. Na mikono mitupu ina siku yake, siku ya msaragambo, maji yakiwa yamefungwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapo methali hiyo haina fumbo: papasa chini ya ukingo taratibu, kiganja juu, mpaka uguse ubavu laini. Kamwe usiingize mkono wala kichwa ndani ya kalavati ambalo maji yake bado yanatembea. Lango linaweza kufunguliwa juu bila wewe kusikia.

Maji haya yana mtu chini yake

Uvuvi wa mferejini una tofauti moja kubwa na uvuvi wa ziwani. Maji unayovulia yanaelekea shambani kwa mtu, na mara nyingi kwenye ndoo ya mtu. Kila kitu unachokitia humo kitamfikia.

Wapo wanaotwanga majani ya utupa na kuyamwaga juu ya mkondo. Sumu iliyomo huzuia mwili wa samaki kuitumia oksijeni, naye huelea akihema. Hufa mkubwa na mchanga, hufa chakula cha wanaobaki, na mfereji hunyamaza msimu mzima. Wengine wametumia viuatilifu vya shambani, jambo la hatari zaidi, kwani dawa hiyo huingia hadi kwenye sahani ya mlaji. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 imekataza kuvua kwa sumu na kwa milipuko, na Kenya imekataza vilevile. Lakini hata pasipo askari, anayetia sumu mferejini amemtilia jirani. Ukikuta samaki wanaelea baada ya shamba kunyunyiziwa dawa, usiwaokote, hata wakiwa wanapumua.

Chandarua cha mbu nacho hakifai kuwa wavu. Matundu yake hayamwachi hata mtoto wa siku tatu. Anayekokota chandarua mtaroni leo amevua samaki wa mwaka kesho wote, nao hawajazi kibaba.

Halafu kuna kichocho. Konokono wadogo wa kwenye magugu ya mfereji hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hasa jua likiwa limepanda. Popote mifereji mikubwa ilipochimbwa bila kufikiria afya, ugonjwa huu ulifuata. Huko Gezira, Sudan, ambako maji ya Bwawa la Sennar yalianza kumwagilia pamba mwaka 1925, kichocho kilikuja kuwa adha ya vizazi vya wakulima. Vaa gambuti, vulia ukingoni kadiri unavyoweza, kata magugu mahali unapotegea, na usijisaidie majini wala kandokando, maana mzunguko wa ugonjwa huanzia hapo. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda zahanati. Dawa yake ipo.

Dimbwi la akiba

Huko Qingtian, mkoani Zhejiang nchini China, wakulima wamefuga samaki ndani ya majaruba ya mpunga kwa zaidi ya miaka 1,200, na mwaka 2005 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo duniani. Samaki hula wadudu na magugu, hutifua tope na kulirutubisha kwa kinyesi chao; mpunga huwapa kivuli. Jambo linalowezesha yote ni dogo: shimo au handaki ndani ya shamba, la kina cha kufika magotini au zaidi, ambamo samaki hukimbilia maji yanapopungua. Mkulima wa Mabogini, Mwea au Mbarali anaweza kulichimba kwa siku moja katika pembe ya jaruba lake. Ni mahali ambapo maji yamekataa kuondoka, ila safari hii kwa mpango.

Yule mzee hakuwahi kwenda China, na shamba lake lilikuwa dogo mno kutoa pembe. Alikuwa na desturi yake. Saa ya kufunga msaragambo, watu wakiwa wamebeba majembe na samaki wao wakielekea nyumbani, alirudi peke yake na ndoo kwenye madimbwi yaliyokuwa yakikauka. Aliokota visamaki vilivyobaki vikitapatapa, perege wa ukubwa wa jani la mchongoma na kambare wa ukubwa wa kiberiti, akavimwaga kwenye shimo lililo chini ya maporomoko ya mwisho, ambalo halikauki. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini anavirudisha vitu alivyovishika tayari.

"Kesho kutwa lango linafunguliwa," alisema. "Maji yakifika hapa, yakute wenyewe."

Nilishika ndoo upande wa pili. Tulirudi mara nne mpaka jua likazama, na madimbwi nyuma yetu yalikuwa yamebaki tope tupu lenye alama za vidole.